MKULIMA SI MJINGA, WALA KURA YAKE SI MALI YA MTU



Wako watu mijini wasemao hivi: "Mkulima ni mtu wa ajabu. Bei ya mazao yake ikianguka, hupiga kura ileile. Sabuni ikikosekana dukani, hupiga kura ileile. Mtoto wake akiketi chini darasani, hupiga kura ileile. Mpe khanga na kilo ya sukari, basi umemaliza kazi." Maneno hayo husemwa barazani, kahawa ikinywewa, tena husemwa na watu ambao unga wa ugali wao umetoka katika jasho la huyo wanayemcheka.

Wako na wengine, nao ni wetu sisi wenyewe. Hao hawamcheki mkulima, humsifu. Husema: "Vijijini ni ngome yetu, huko hatuna wasiwasi." Wakisha kusema hivyo hupandisha kioo cha gari, vumbi likabaki kwa wenyewe.

Leo tunawajibu wote wawili pamoja, maana kosa lao ni moja. Wote wanadhani kwamba mkulima hafikiri.

Tuanze mwanzo. TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954, mkulima wa Tanganyika alikuwa na mashtaka yake tayari. Hakufundishwa na mtu wa mjini. Kule Meru watu walikuwa wamekwisha kufukuzwa katika ardhi yao ya Engare Nanyuki mwaka 1951, wakamtuma Kirilo Japhet kwenda kuwasemea Umoja wa Mataifa. Kule Uluguru watu walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi milimani, kazi ya kuvunja mgongo isiyoongeza hata debe moja la chakula. Mwaka 1955 ghasia zikatokea, polisi wakapiga risasi, na mtu akafa. Kule Usukuma zilitungwa sheria juu ya sheria: lima hivi, panda hiki, punguza ng'ombe wako, na asiyetii alipe faini. Na Chama kilipotaka kuingia huko kusikiliza vilio hivyo, matawi yake yalipigwa marufuku tangu 1954 mpaka 1958.

Sasa tazama jambo hili. Katika uchaguzi wa kura tatu, wa 1958 na 1959, mkulima wa kawaida hakuweza hata kupiga kura. Mpiga kura alitakiwa awe na pato la pauni 150 kwa mwaka, au elimu, au cheo. Mwenye jembe alifungiwa nje. Hata hivyo yeye ndiye aliyelipa senti za kadi, aliyemlaza mjumbe wa Chama nyumbani kwake, aliyempikia na kumwonyesha njia ya usiku. Je, huyo alinunuliwa kwa khanga ipi? Yeye ndiye aliyetoa! Chama kilikula kwake kabla yeye hajala kwa Chama. Mtu aliyechangia kujenga nyumba haiiti nyumba ya mwingine, hata ikivuja.

Hiyo ndiyo sababu ya kwanza, na watu wa mjini hawaioni kwa kuwa hawakuwapo.

Ukaja uhuru, tarehe 9 Desemba 1961. Ulikuja na njaa. Ukame ulikuwa umekausha mashamba, kisha mafuriko yakachukua yaliyosalia, na katika sehemu nyingi watu walikula mahindi ya msaada kutoka Marekani. Mwenye kutaka kusema "uhuru umeleta nini?" alikuwa na nafasi yake. Na alisema! Mwezi wa Novemba 1962, nchi ilipochagua Rais wa kwanza wa Jamhuri, Bwana Zuberi Mtemvu wa chama cha Congress alisimama kumpinga Mwalimu Nyerere. Mwalimu alipata kura zaidi ya milioni moja na laki moja. Bwana Mtemvu alipata elfu ishirini na moja na ushei. Mkulima aliyekuwa na njaa tumboni alijua tofauti ya njaa ya mvua na njaa ya kutawaliwa. Hakumlaumu mtu kwa kosa la mawingu.

Lakini mtu akisema kwamba basi mkulima hukubali kila kitu, mwambie atazame mwaka 1965.

Mwaka huo chama kilikuwa kimoja tu, TANU. Katika majimbo mengi walisimamishwa wagombea wawili, wote wana-TANU. Mmoja alipewa alama ya jembe, mwingine nyumba. Walizungukia vijiji pamoja, wakasema jukwaa moja, kwa Kiswahili, na ilikatazwa kuomba kura kwa kabila. Wakubwa wengi walikwenda majimboni wakidhani wanakwenda kupokea heshima. Walipokea hesabu. Bwana Paul Bomani, Waziri wa Fedha, mtu aliyewaongoza wakulima wa pamba kujenga ushirika wao katika miaka ya 1950, aliangushwa kwao Mwanza. Wabunge wengi wa zamani waliangushwa pamoja naye.

Ndugu msomaji, hapo pana somo lote. Mkulima yuleyule aliyekuwa mwaminifu kwa Chama, ndiye aliyewafukuza wakubwa wa Chama. Wala hakuona kwamba amejipinga. Kwake Chama ni kimoja na mtu ni mwingine. Chama ni agano, na mtu ni mtumishi aliyepewa kazi. Mtumishi akilala, huondolewa, na agano hubaki. Asiyejua tofauti hiyo hawezi kumfahamu mkulima, awe amesoma vitabu vingapi.

Baada ya hapo mkulima aliona mambo kwa macho yake. Azimio la Arusha la Februari 1967 liliwakataza viongozi kuwa na mishahara miwili na kupangisha nyumba. Lilisema wazi kwamba mikopo ya kujengea mijini hulipwa kwa jasho la vijijini. Kodi ya kichwa, ile iliyowafanya baba zetu walale porini wakimkimbia tarishi, ilifutwa mwaka 1969. Ada ya shule ya msingi ilifutwa mwaka 1973. Watu wazima, wazee kwa akina mama, waliketi chini ya mwembe na daftari wakajifunza kuandika majina yao. Mama aliyezoea kuweka dole gumba kwenye karatasi ya kuuzia pamba, akaanza kusoma mizani mwenyewe. Mambo kama hayo hayasahauliki kwa msimu mmoja wa bei mbaya.

Tena Chama kilikuwa pale. Balozi wa nyumba kumi alikuwa jirani. Pakiwa na msiba, yeye yupo. Mke na mume wakigombana, yeye huitwa. Ng'ombe akiingia shamba la mtu, yeye huamua. Wapinzani wetu wengi walifika kijijini siku thelathini kabla ya kura, wakiwa na vipaza sauti, wakaondoka siku ya pili yake. Mkulima hampi binti yake mtu aliyepita njia, naye hana haraka ya kumpa nchi.

Basi, tumemaliza kuwajibu wenye kucheka. Sasa tugeuke tuwatazame wenye kusifu, na hapa lazima tuseme ukweli hata kama ni mchungu kama shubiri.

Sisi tuliwakosea wakulima. Katika miaka ya 1973 hadi 1976 watu walihamishwa kwenda katika vijiji, na mahali pengi hawakuhamishwa kwa maneno. Malori yalikuja, nyumba zikabomolewa, nyingine zikachomwa moto. Vyama vya ushirika, ambavyo wakulima wenyewe waliviunda hata kabla ya uhuru, vilivunjwa mwaka 1976 kwa amri. Mazao yakachukuliwa na mashirika yaliyolipa kwa stakabadhi, na stakabadhi hailiwi. Ikaja vita ya Kagera, na baada yake miaka ya foleni: sukari foleni, sabuni foleni, khanga foleni. Kodi ya kichwa ikarudi katika miaka ya 1980, ikiitwa kodi ya maendeleo, na watu wakaanza tena kukimbilia porini mpaka ilipofutwa mwaka 2003.

Je, mkulima alikaa kimya? Waliotazama masanduku ya kura tu walisema amekaa kimya. Wangetazama ghala! Mkulima ana kura mbili. Moja huipiga kwa karatasi, mara moja kwa miaka mitano. Ya pili huipiga kwa jembe, kila msimu. Msimu wa 1973/74 nchi yetu iliuza korosho tani 145,000 hivi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 zilikuwa hazifiki tani 20,000. Mikorosho haikuota miguu ikakimbia. Wenyewe walihamishwa mbali nayo, na bei haikustahili safari, basi wakaiacha ikamezwa na msitu. Mahindi nayo yakapita njia za panya usiku kwenda kwa mnunuzi mwenye fedha mkononi. Hiyo ilikuwa kura ya hapana, ndugu zangu, iliyohesabiwa kwa magunia. Sisi tukaiita magendo na uvivu, tukaendelea kujisifu kwa asilimia za sanduku.

Hata hivyo, Tume ya Jaji Nyalali ilipozunguka nchini mwaka 1991, watu wapatao 80 katika kila mia waliotoa maoni walisema chama kimoja kiendelee. Vyama vingi vikaruhusiwa mwaka 1992, na katika uchaguzi wa 1995 Benjamin Mkapa alipata asilimia 61.8. Wako waliofurahia tarakimu hizo wakazilalia kama mto. Wangezisoma vema. Mtu anayesema "kaeni" hajasema "mmefanya vizuri." Zimwi likujualo halikuli likakwisha; lakini kuitwa zimwi tunalolijua, hiyo si sifa ya kutundika ukutani!

Anayedhani ngome ya kijijini haivunjiki, na atembee kidogo. India, chama cha Congress ndicho kilicholeta uhuru, na mkulima maskini alikipigia kura miaka thelathini akiwa na njaa. Kisha katika ile hali ya hatari ya 1975 hadi 1977, serikali iliwafunga wapinzani, na wanaume wengi wa vijijini wakafungwa uzazi kwa nguvu. Kura zilipopigwa mwaka 1977, Congress haikupata hata kiti kimoja katika Uttar Pradesh, wala kimoja katika Bihar. Njaa haikuwang'oa. Kudharauliwa ndiko kulikowang'oa. Au nenda Botswana. Chama cha Seretse Khama kilitawala tangu uhuru wa 1966, na nguvu yake ilikuwa vijijini, kwa wafuga ng'ombe. Miaka hamsini na minane! Mwaka 2024 kilibaki na viti vinne vya kuchaguliwa. Hakuna aliyewaletea barua ya kuwaonya.

Mkulima huvumilia umaskini kwa sababu anaujua. Alizaliwa nao, na anafahamu kwamba mvua na bei ya dunia haviamriwi na Chama. Asilolivumilia ni kufanywa mtoto. Mlipe kidogo, atanung'unika na kulima. Mpuuze, mdanganye kwenye mizani, mletee mgombea asiyemjua na kumwambia "huyu ndiye," naye ataandika moyoni. Deni la mkulima halina riba, lakini halifutwi.

Na liko neno moja kubwa kuliko yote. Kwa nini uaminifu wa 1965 tunaweza kuutaja leo bila haya? Kwa sababu siku ile mkulima aliweza kusema hapana, akasema hapana kwa waziri, na waziri akaondoka. Ndipo "ndiyo" yake kwa Chama ilipokuwa na thamani. Mahali ambapo mtu hawezi kukataa, kukubali kwake si kitu. Kiongozi anayeogopa sanduku la haki, anayetaka mpinzani wake afungiwe mlango ili yeye apite peke yake, huyo hakilindi Chama. Anamnyang'anya mkulima heshima ile aliyotupa sisi bure. Tukiondoa uhuru wa kuchagua, hatutajua tena kama tunapendwa au tunaogopwa, na chama kisichojua hilo kimekwisha kufa, hata kama ofisi zake zimepakwa rangi mpya.

Kwa hiyo, wanachama, tusiombe uaminifu. Tulipe deni. Mazao ya mkulima yalipwe siku yanapopimwa, kwa fedha, si kwa ahadi. Mizani ikaguliwe mbele yake. Ushirika uwe wake, na viongozi wake awachague na kuwafukuza yeye. Mgombea atoke kwao, ajibu maswali kwao. Kura zihesabiwe mchana, mbele ya watu, na anayeshindwa akubali.

Na wewe bwana wa mjini unayemcheka, siku moja nenda kaketi naye. Muulize kwa nini alipiga kura vile. Atakuuliza kwanza umetoka kwa nani, utakaa siku ngapi, na kama utarudi. Ukiwa huna jibu la hilo la tatu, basi umekwisha kujibiwa.

UHURU NA KAZI!