Ugomvi wa fedha uliomeza msimu mzima

Juni 2004, timu ya hoki ya barafuni ya Tampa Bay Lightning ya Florida, Marekani, ilitwaa Kombe la Stanley kwa mara ya kwanza. Msimu uliofuata haikucheza hata mechi moja ya ligi.

Wenye timu zote 30 za ligi ya NHL walitaka mishahara iwekewe ukomo. Wachezaji walikataa, na Septemba 2004 wakafungiwa milango. Baadaye waliukubali ukomo, ubishi ukabaki kwenye kiwango: wenye timu walitoa dola milioni 42.5 kwa kila timu, wachezaji wakang'ang'ania milioni 49. Februari 16, 2005 msimu ukafutwa. Julai wachezaji hao hao walikubali milioni 39.

Wauza vitafunio viwanjani na wenye migahawa ya jirani hawakuulizwa neno, lakini nao walikosa mapato.

Mkulima au mfanyabiashara anayevutana na mnunuzi asiogope kudai haki yake. Ila kabla ya kukataa bei, apige hesabu ya kila siku atakayongoja. Msimu ukipita haulipwi.