Ngazi 533 za Köln

Safarini Ujerumani tulifika Kanisa Kuu la Köln, lililoanza kujengwa mwaka 1248 na kukamilika 1880. Tulitamani kupanda mnara wa kusini, ngazi 533 kwa miguu! Mwenzetu mmoja ana shinikizo la damu. Nasi, pamoja na uuguzi wetu wote, tulimwambia tu, "Dada, tungojee hapa chini," tukapanda. Juu tuliuona mto Rhine, magoti yakitetemeka.

Tuliposhuka tulimkuta mbele ya mishumaa, akilia kimya. Alikuwa amewasha mmoja kwa ajili ya mwanawe aliyefariki akingali mchanga. Miaka yote tunasali naye kanisa moja, hatukuwahi kumwuliza. Tuliketi naye. Treni ilituacha, ingawa stesheni iko jirani kabisa.