Madaftari ya shule tumewaachia mchwa



Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nami nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo naona viongozi wetu wa elimu, tangu kata mpaka wilaya, hawajalipa uzito unaostahili. Jambo lenyewe ni utunzaji wa kumbukumbu za shule zetu za msingi, na hasa daftari la uandikishaji.

Najua wapo watakaosema kwamba shule zina shida kubwa kuliko madaftari. Madawati hayatoshi, walimu ni wachache, vyoo vimejaa. Hayo ni kweli na yamekwisha andikwa sana. Lakini dawati likivunjika leo, fundi atachonga jingine kesho. Daftari la mwaka 1978 likiliwa na mchwa, fundi gani atalitengeneza?

Kwa wale ambao hawajapata kulifungua, daftari la uandikishaji ni kitabu kikubwa chenye jalada gumu ambacho hukaa ofisini kwa mwalimu mkuu. Mtoto anapoletwa kuanza shule huandikwa humo mara moja tu: namba yake, jina lake, tarehe ya kuzaliwa, jina la mzazi au mlezi, mahali anapokaa na siku aliyoingia. Namba ile hapewi mtoto mwingine. Akihama, akiacha, akifariki au akimaliza, mwalimu hurudi kwenye mstari ule ule akaandika tarehe na sababu. Daftari la mahudhurio hufunguliwa upya kila mwaka, tena kila darasa lina lake. Hili la uandikishaji ndilo linalomshika mtoto tangu aingie mpaka atoke. Sasa kitabu hiki kina nakala ngapi? Ni moja tu, na iko pale pale shuleni.

Hapo ndipo penye kiini cha malalamiko yangu. Kila mwaka walimu wakuu hujaza fomu za takwimu, zile wanazoziita TSM: wavulana wangapi, wasichana wangapi, waliorudia darasa, walioacha, matundu ya vyoo, na kadhalika. Fomu hupelekwa wilayani, wilaya ikajumlisha, mkoa ukajumlisha, mpaka hesabu ikafika TAMISEMI. Kazi hiyo inafuatiliwa kwa bidii, na si ajabu, maana tangu Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ulipoanza mwaka 2002 ruzuku ya shule imekuwa ikipangwa kwa kichwa cha mwanafunzi. Mwalimu mkuu akichelewesha fomu atatafutwa kwa simu hadi usiku. Lakini ni mwalimu mkuu gani aliyepata kutafutwa kwa simu kuulizwa kama daftari la uandikishaji la mwaka 1985 lipo na lina hali gani? Hesabu zimepanda ngazi mpaka Dodoma, na majina yamebaki kabatini. Na kabati lenyewe mara nyingi halina kufuli.

Matokeo yake yanaanza kuonekana sasa. Halmashauri Kuu ya TANU ilipokutana Musoma mwaka 1974 iliazimia kwamba ifikapo Novemba 1977 watoto wote wa umri wa kwenda shule wawe wameandikishwa. Ilikuwa kazi kubwa, na nchi iliifanya kwa mikono yake yenyewe; watoto walisomea chini ya miti wakifundishwa na vijana waliomaliza darasa la saba. Mtoto aliyeingia darasa la kwanza mwaka 1977 akiwa na miaka saba alizaliwa mwaka 1970. Miaka yake 55 ni mwaka 2025, na miaka 60 ya kustaafu kwa lazima ni mwaka 2030. Wengi wa rika hilo walizaliwa nyumbani na hawakupata cheti cha kuzaliwa. Karatasi ya kwanza ya serikali iliyoandikwa jina lao ni ukurasa wa daftari la shule. Leo wanatakiwa kuthibitisha umri na jina kwa ajili ya kitambulisho cha taifa, mafao, mirathi na hati ya kusafiria, na ukurasa ule haupatikani.

Namfahamu mama mmoja aliyesoma mpaka darasa la sita katika shule ya kijiji ambayo sitaitaja. Hakufanya mtihani wa darasa la saba, hivyo hana cheti chochote. Alipoolewa mbali alianza kutumia jina jingine, kama kina mama wengi walivyofanya. Baba yake alipofariki ikabidi athibitishe katika shauri la mirathi kwamba yeye ndiye yule binti aliyetajwa na ndugu zake. Alisafiri kutwa nzima kwa basi na pikipiki. Mwalimu mkuu, kijana muungwana kabisa, alimpa kiti na maji ya kunywa, akafungua kabati. Daftari la zamani kuliko yote lilikuwa limeanzia mwaka 1996. Lililotangulia hakuna aliyejua lilikokwenda. Akaelekezwa wilayani, na huko karani akamwambia maneno ambayo kwa utaratibu wetu ni ya kweli kabisa: hapa huletwa idadi, majina hayaletwi. Shauri likabaki kutegemea ushahidi wa wazee wawili, na mmoja wao macho yamekwisha.

Wako wengine ambao kwao daftari ni ulinzi. Mwaka 2016 Bunge lilirekebisha Sheria ya Elimu na kuweka kifungo cha miaka 30 kwa mwanamume anayempa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari. Tuliipongeza sana sheria hiyo. Lakini mahakama haifungi mtu kwa hasira za wananchi. Upande wa mashtaka hauna budi kuthibitisha kwamba binti alikuwa mwanafunzi siku hizo, na ushahidi wa hilo ni mwalimu kusimama kizimbani akiwa na daftari la uandikishaji na la mahudhurio. Kama mahudhurio yalijazwa mwisho wa wiki kwa kukisia, wote wakawekewa alama ya kuwapo hata yule aliyekuwa mgonjwa, wakili wa mshtakiwa ataligeuza daftari hilo kuwa silaha yake. Na kama halipo kabisa, binti amebaki na nini? Vivyo hivyo kwa mabinti walioruhusiwa kurudi shuleni kwa waraka wa Serikali wa mwaka 2021. Anayerudi katika shule nyingine, anarudi darasa gani, na kwa kumbukumbu ya nani?

Mhariri, jambo hili linawezekana, na tumekwisha ona kwamba linawezekana. Aprili 2017 Rais Magufuli alikabidhiwa Dodoma orodha ya watumishi 9,932 waliodaiwa kutumia vyeti vya kughushi. Kazi ile ilifanyika kwa sababu Baraza la Mitihani, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, lina orodha yake la watahiniwa ambayo haikai kwenye kabati la mwalimu mkuu. Cheti kikitiliwa shaka, kuna mahali pa kwenda kuuliza. Aliyefika mtihani wa kidato cha nne ana mlinzi wa jina lake. Aliyeishia darasa la tano hana.

Tusiwalaumu walimu peke yao. Shule zetu zimebadilishwa wenyewe mara nyingi kuliko watu wanavyokumbuka. Nyingi zilikuwa za misheni mpaka Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilipozifanya za Serikali, na katika makabidhiano vitabu vingine vilibaki parokiani. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilivunjwa, kazi zake zikahamia kwa wakurugenzi wa maendeleo, na makaratasi yakahama nazo. Halmashauri zikarudishwa kwa sheria za mwaka 1982 na kuanza tena kazi mwaka 1984; makaratasi yakahama tena. Katikati yake ikapita Operesheni Vijiji, ambapo hata majengo ya shule yaliachwa porini. Halafu likaja zoezi la kugawa wilaya na mikoa: Manyara mwaka 2002, Geita, Katavi, Njombe na Simiyu mwaka 2012, Songwe mwaka 2016. Siku ya kuzindua mkoa mpya hupigwa ngoma, magari yakagawanywa, meza zikagawanywa. Majalada ya shule hayana wa kuyashangilia. Mijini nako shule iliyojaa hukatwa ikawa A na B, na daftari la zamani, ambalo ni la wote, huwa ni la yule aliyebaki na ofisi ya zamani, kama analitaka.

Ziko pia sababu zisizo na udhuru. Nimewahi kununua karanga sokoni zilizofungwa katika ukurasa wa daftari la mahudhurio, majina ya watoto wa darasa la nne yakisomeka vizuri na alama zao za wino mwekundu. Muuzaji hakuiba, aliuziwa kwa kilo. Na liko daftari jingine ambalo ningependa wazazi waulize habari zake wakienda kwenye mkutano wa shule, nalo ni la adhabu. Kanuni za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi vinne na kila mara vikitolewa viandikwe katika kitabu maalumu: jina la mtoto, kosa, idadi na aliyechapa. Kiulizeni kitabu hicho. Mtaletewa chai kwanza.

Nitaambiwa kwamba siku hizi mambo yote yamo kwenye kompyuta. Ni kweli Baraza la Mitihani lina mfumo wa PReM ambao humpa mwanafunzi namba yake, na anapohama namba humfuata. Ni hatua njema na nawapongeza waliobuni. Lakini kompyuta inamjua mtoto wa leo. Haimjui mama niliyemtaja, wala wale wa mwaka 1977, wala walioacha shule kabla mfumo haujaanza. Ninachohofia ni kwamba kwa vile mtambo umekuja, daftari litaonekana takataka, na hayo yaliyosalia yatachomwa moto siku ya usafi wa mazingira.

Sheria haikosekani. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002 inagusa ofisi zote za umma, halmashauri zikiwamo, na hairuhusu ofisi kuteketeza nyaraka kwa kujiamulia. Halmashauri zina masjala na zina watunza kumbukumbu waliosomea kazi hiyo katika Chuo cha Utumishi wa Umma kule Tabora. Ukienda kutafuta jalada la mwalimu, yaani ajira yake, likizo yake na barua zake za onyo, utalikuta. Kwa nini mwalimu awe na jalada masjala, na mtoto aliyeletewa mwalimu huyo asiwe na hata mstari mmoja?

Kwa maoni yangu kazi ya kwanza ni kuyaokoa yaliyopo, nayo haihitaji mfadhili. Kila kata ina afisa elimu na kila afisa ana simu yenye kamera. Madaftari yote yaliyofungwa yapigwe picha ukurasa kwa ukurasa, picha zikabidhiwe masjala ya halmashauri, na vitabu vyenyewe vilivyochakaa vipelekwe huko vikahifadhiwe pakavu. Ila picha hizo zisizungushwe kwenye makundi ya simu. Humo mna majina ya watoto, wazazi wao na sababu za kuacha shule, na tangu mwaka 2022 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Tusije tukaokoa daftari kwa kumwanika mwenye jina.

Baada ya hapo, kila Desemba mwalimu mkuu anapofunga mwaka apeleke wilayani nakala ya kurasa za walioingia na walioondoka mwaka ule, kama anavyopeleka takwimu. Ni kurasa chache. Mwalimu mkuu anapohamishwa, hati ya makabidhiano itaje madaftari moja baada ya jingine pamoja na miaka yake, na asipewe nauli ya uhamisho kabla anayepokea hajatia sahihi. Najua pendekezo hili la nauli litawaudhi walimu wenzangu. Lakini wanakumbuka jinsi leja ya jembe na mafyekeo ilivyokuwa ikikaguliwa, hata jembe lililovunjika mpini likatakiwa kuonyeshwa. Jina la mtoto halipungui thamani na jembe.

Na mwananchi anayekwenda kuomba uthibitisho wa shule aliyosoma, asizungushwe na asidaiwe cha juu. Halmashauri itangaze kwenye ubao wa matangazo ni chumba kipi, afisa gani, na siku ngapi atapata jibu, hata kama jibu lenyewe ni kwamba daftari halipo. Jibu hilo nalo liandikwe kwa barua yenye mhuri, ili mahakama na ofisi nyingine zijue kwamba kosa si lake.

Naomba maafisa elimu wa wilaya wanijibu katika ukurasa huu huu: katika shule zenu, ni ngapi zina daftari la uandikishaji la tangu siku ilipofunguliwa?

Mwalimu Mstaafu,
Korogwe, Tanga.