Mungu Hukubali Watu Gani?

Mwaka jana katika mtaa mmoja wa pande hizi zetu za Tanga alifariki mama mzee, aliyekuwa akiuza tembo la mnazi apate kuwalisha wajukuu wake watatu. Jina lake lilikuwa limekwisha kufutwa katika daftari ya Kanisa. Hata hivyo kila Jumapili alikuja, akasali nje penye dirisha, maana kuingia ndani aliona haya. Siku ya maziko yake kengele haikupigwa, wala padre hakuja. Majirani zetu Waislamu ndio walioleta jeneza, wakalichukua pamoja nasi mpaka kaburini. Njiani mmoja wao, mtu mzima mwenye adabu, alituuliza polepole, “Mwalimu, kwani huyu si wenu?” Tukakosa la kumjibu.

Hatuandiki haya ili tuwashitaki wengine. Sisi nasi tulikuwamo katika halmashauri iliyomtenga, na mkono wetu uliinuliwa. Lakini tangu siku ile swali la yule jirani halituachi, nasi twaona ya kuwa tumeigeuza Injili kichwa chini miguu juu.

Maana wengi wetu twaamini hivi: mtu na awe mwema kwanza, ndipo Mungu atakapompokea. Asinywe, asiwe na wake wawili, alipe zaka, asikose Misa. Akiisha kuyatimiza hayo, basi Mbinguni ana kiti chake. Wazee wetu waliofanya kazi katika mashamba ya mkonge waijua sana hesabu hii. Ni hesabu ya kipande. Kibarua alitiwa alama siku kwa siku, hata kipande kilipojaa siku 30 ndipo alipopewa mshahara wake. Na siku asiyomaliza kazi haikuhesabiwa. Je, Baba yetu ni mnyapara?

Mtazameni Zakayo. Bwana wetu hakumwambia ashuke mtini akarudishe kwanza fedha za watu, kisha atakuja kwake. Alitaka kuingia nyumbani mwake siku ile ile, hali mikono ya Zakayo ingali michafu, na watu wema wa mji wakanung'unika, kama tunavyonung'unika sisi. Nusu ya mali kwa maskini ilitolewa baada ya mgeni kupokewa. Na pale Magila, panapoitwa Msalabani, kila apitaye na akumbuke ni nani aliyetundikwa kando ya Msalaba akaahidiwa Peponi: mnyang'anyi, asiye na tendo jema hata moja la kuonyesha, wala nafasi ya kulitenda.

Tena Kanisa letu lenyewe lilianzaje? Mwaka 1864 Askofu Tozer alipofika Unguja, Sultani Majid alimpa wavulana 5 waliotolewa katika jahazi la watumwa. Hawakuwa na ukoo, wala mali, wala sifa. Hata sala hawakuijua. Walipokewa kwanza, wakafundishwa baadaye, na mmoja wao, John Swedi, akawa shemasi mwaka 1879, Mwafrika wa kwanza katika misheni ile. Misheni hiyo hiyo ndiyo iliyotuletea Injili huku Bondei. Lau wale wavulana wangalidaiwa cheti cha mwenendo mwema, sisi leo tungalikuwa wapi?

Twajua watakaosema, “Mwalimu huyu afundisha ulegevu, kesho kila mtu atafungua kilabu cha pombe.” Sivyo. Mtu hupanda mnazi, akaungoja miaka 6 au 7 hata uzae; hakuna angojaye nazi ndipo achimbe shimo. Matunda twayataka sana, nasi hatusemi tembo lile lilikuwa jema. Twasema hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kwake na kibaba cha unga, apate kuliacha. Na katika halmashauri ile ile alikuwamo mtu aliyesogeza mpaka wa shamba la mjane, na mwingine ambaye mkewe huja kanisani na jicho lililovimba. Daftari zao ni safi, maana daftari haina ukurasa wa mambo hayo. Kutenga kuliwekwa kuwa dawa, ili mgonjwa arudi; sisi tumekufanya kuwa ukuta, kisha tukakaa ndani tukijisifu kwamba hatuna wagonjwa.

Sasa mjukuu wake mdogo yataka abatizwe, na baadhi ya wazee wamejibu kwamba kwanza zilipwe zaka za bibi yake, za miaka yote aliyosali dirishani. Halmashauri itakutana Jumapili ya pili ya mwezi ujao. Tutakwenda, tutamtetea mtoto huyo, na neno letu la kwanza litakuwa juu ya mkono wetu wenyewe tulioinua siku ile.