Upasuaji si Aibu, Msiba ni Kuchelewa

Mwanamke aliyejifungua kwa upasuaji bado hupokewa kwa pongezi nusu katika nyumba nyingi za nchi hii. Mtoto hushangiliwa, lakini mama huulizwa chini kwa chini ilikuwaje akashindwa kuzaa kama wenzake. Neno hilo ni jepesi kinywani mwa msemaji, na ni zito moyoni mwa mtu ambaye amekesha kwa utungu na kuishia kwenye meza ya upasuaji. Si neno la haki. Isitoshe, ni neno linaloua.

Linaua kwa sababu humfikia mwanamke kabla ya siku yake. Hebu tumfikirie mzazi wa mara ya kwanza katika kijiji kimojawapo karibu na Pap Onditi, huko Nyakach. Utungu unamwanza jioni. Anaambiwa avumilie, kwani mama mkwe wake alizaa watoto saba bila kuonana na daktari. Usiku unapita. Asubuhi anaitwa nyamrerwa, naye anampa moyo. Adhuhuri ndipo bodaboda inapotafutwa, na ikiwa ni wakati wa masika, udongo mweusi wa nyanda za chini umekwisha kugeuka matope yanayonasa magurudumu. Anapofika hospitalini amelegea, na mapigo ya moyo wa mtoto yameanza kupungua. Daktari anaposema kwamba hapana budi apasuliwe, jamaa wanaomba kwanza wampigie simu mume aliye Nairobi.

Je, ni nani aliyeshindwa hapo? Si yule mama. Mwaka 1994 watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine walieleza kwamba vifo vya wazazi hutokana na ucheleweshaji wa namna tatu: kuchelewa kuamua kutafuta msaada, kuchelewa kufika hospitalini, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Mzazi wetu wa Nyakach anaweza kukumbwa na yote matatu katika siku moja, na hakuna hata mmoja unaotibika kwa kukaza moyo.

Yafaa ieleweke kwamba utungu mrefu una sababu za kimaumbile. Huenda nyonga ni finyu, mtoto amelala vibaya, au misuli ya mfuko wa uzazi imechoka. Ushujaa haupanui nyonga. Hali hiyo ikiachwa iendelee, mfuko wa uzazi unaweza kupasuka, mtoto anaweza kukosa hewa, au mama akabaki na fistula, yaani tundu linalomfanya avujwe na mkojo au kinyesi bila kujizuia. Katika mwongozo wake wa mwaka 2018, Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba kwa mzazi wa kwanza, kipindi cha utungu mkali, kuanzia mlango wa uzazi unapofunguka sentimita 5 hadi unapofunguka kabisa, kwa kawaida hakizidi saa 12. Kwa hiyo saa ni kipimo cha uzazi kama mizani ilivyo kipimo cha sokoni.

Waafrika hawakungoja kufundishwa hayo na wageni. Mwaka 1879 Robert Felkin, msafiri aliyekuwa akisomea udaktari, alishuhudia huko Kahura katika Bunyoro mganga akimpasua mzazi. Mama alinyweshwa pombe ya ndizi, mikono ya mganga na tumbo la mgonjwa vikaoshwa kwa pombe hiyohiyo, damu ikazuiwa kwa chuma cha moto, na jeraha likafungwa kwa pini za chuma. Felkin alipochapisha habari hiyo mwaka 1884, alieleza kwamba mama na mtoto walikuwa hai. Anayesema kwamba upasuaji ni anasa ya wazungu hajui historia ya majirani zake.

Hatusemi kwamba kila mzazi apasuliwe. Upasuaji usio na sababu nao una hatari zake, na mwaka 2015 Shirika hilohilo lilitahadharisha kwamba kiwango chake katika taifa kikipita asilimia 10, vifo havionekani kupungua zaidi. Tunachosema ni kwamba anayeuhitaji aupate mapema, na akishaupata asidharauliwe.

Serikali ina wajibu wake. Kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka 2010 kinasema kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Haki hiyo ni maneno matupu ikiwa barabara haipitiki, gari la wagonjwa halina mafuta, au chumba cha upasuaji hakina mtu wa kutoa dawa ya usingizi. Nazo familia zitengeneze mipango kabla ya mwezi wa tisa: pesa za nauli, dereva anayejulikana, na uandikishaji katika Mamlaka ya Afya ya Jamii. Na ieleweke kwamba mwanamke mtu mzima mwenye fahamu zake ana haki ya kuukubali upasuaji yeye mwenyewe, bila kungoja simu ya mtu.

Kwenu walimu, tunatoa wito maalumu. Wanafunzi wetu huchora mfuko wa uzazi na kutaja sehemu zake zote ili wapite mtihani, kisha wanarudi nyumbani bila kujua ni wakati gani dada yao apelekwe hospitalini. Wafundishwe kuhesabu saa. Wafundishwe, wavulana kwa wasichana, kwamba kovu la upasuaji si alama ya uvivu.

Nanyi wanafunzi mna mchango ambao wengi hawaujui. Mzazi anayevuja damu huokolewa kwa damu ya mwingine, na kwa miaka mingi sehemu kubwa ya damu inayotolewa kwa hiari nchini imetoka katika shule za sekondari. Ndiyo maana akiba hupungua shule zinapofungwa. Mtu mwenye afya njema, aliyetimiza miaka 16 na mwenye uzito wa kilo 50, anaweza kutoa.

Wahenga walisema, chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Katika wadi ya wazazi, methali hiyo si fumbo. Mama akipelekwa mapema tutawapata wote wawili, na akirudi na kovu lake, apewe pongezi nzima.