Dueli za kauboi: kijana aliniambia mwenye kungojea anakufa

Juma lililopita, umeme ulikuwa umerudi mtaani kwetu kisha siku mbili za giza, na mimi nikaingia pale vijana wanapocheza PlayStation kwa kulipa franka kidogo. Wengi walikuwa kwenye mpira, kama kawaida. Lakini kwenye pembe, mbele ya ordinateri moja ya zamani, kijana wa miaka kumi na mitano hivi alikuwa peke yake na mchezo wa kauboi. Watu wawili wamesimama uso kwa uso katikati ya barabara ya vumbi, kila mmoja mkono wake uko karibu na bastola. Kabla yule adui hajagusa silaha yake, kijana akapiga. Mtu akaanguka. Mchezo ukamhesabia ushindi, lakini ushindi usio wa heshima. Akacheka na kuendelea.

Nikamwambia: "Ungemngojea achomoe kwanza." Alinijibu bila kugeuka: "Yaya, heshima njo nini? Mwenye kungojea anakufaka."

Kama angesema hivyo kijana wa Paris, ningecheka pia. Huyu amezaliwa na kukomaa Kivu ya Kaskazini. Anatambua mlio wa bunduki ya kweli kuliko mimi nilivyoutambua kwenye umri wake. Sidhani alikuwa anazungumzia mchezo peke yake, na ndiyo maana nimeona ni vizuri kumjibu kwa maandishi.

Mchezo wenyewe unaitwa Call of Juarez: Gunslinger. Ulitoka mwaka 2013, umetengenezwa na kampuni Techland ya inchi ya Poland. Si mpya, na hiyo ndiyo sababu unaingia hata kwenye mashine zetu zilizochoka. Habari inaanza mwaka 1910 katika baa moja ya Abilene, mji mdogo wa jimbo la Kansas, Marekani. Mzee Silas Greaves anawasimulia walevi namna alivyopigana na watu wote wakubwa wa wakati ule: Billy the Kid, Jesse James, Butch Cassidy. Anasema uongo mwingi. Msikilizaji mmoja akimpinga, mzee anabadilisha maneno, na mahali unapocheza panabadilika mbele ya macho yako. Sisi tunaofanya kazi ya habari tungepaswa kuucheza kwa sababu hiyo tu, lakini tuache hayo.

Dueli ndizo zinazowashinda wengi. Unashika vitu viwili kwa wakati mmoja. Kwanza jicho: kuna duara ambalo unapaswa kuliweka juu ya adui, na yeye hatulii, anasogea kidogo kidogo. Pili mkono: unauongoza ukae karibu na bastola, na wenyewe unataka kuteleza kwenda mbali. Kila kimoja kina asilimia yake kwenye ekra. Jicho likitulia, utamlenga vizuri wakati wa kupiga. Mkono ukikaa mahali pake, utachomoa kwa haraka. Anayeanza anashughulika na mkono tu, kwa sababu mkono ndio wenye bunduki, na duara linamkimbia adui linakwenda kuangalia ukuta. Nimefanya kosa hilo mara nyingi sana. Dawa yake ni kusahihisha mkono kwa kugusa kidogo, usiukandamize, na kuacha fikra yote iende kwenye jicho.

Kisha unangoja. Hapo ndipo penye shida yote. Mchezo haukukatazi kuchomoa kwanza, ukitaka piga tu, utashinda. Lakini utapata alama chache, na utaandikiwa kwamba ulimuua mtu ambaye hakuwa amechomoa. Ukingoja achomoe, alama zinaongezeka, lakini unaweza kufa. Michezo mingine ya kauboi inafanya tofauti. Red Dead Redemption 2, ya mwaka 2018, inakutaka ubonyeze kitufe polepole mpaka mstari ujae, ndipo ukandamize. Ni nzuri, lakini pale unapimwa kidole. Huku unapimwa uvumilivu.

Sasa niseme ukweli: kwa hesabu, kijana yule ana haki. Mwaka 2010 mtaalamu Andrew Welchman wa Universite ya Birmingham, Uingereza, na wenzake waliwashindanisha watu wawili wawili kubonyeza vitufe, kama dueli lakini bila bunduki. Waliona kwamba mtu anayemjibu mwenzake anasogeza mkono kwa haraka zaidi kuliko yule aliyeanza, tofauti ikiwa kama sehemu 21 za elfu moja za sekunde. Lakini ubongo unahitaji kama sehemu 200 za elfu moja ili kuona kwanza na kutoa amri. Kwa hiyo yule aliyengoja ana mkono mwepesi zaidi na bado anakufa. Mchezo unamsaidia anayengoja kwa kupunguza mwendo wa wakati akichomoa. Maisha hayampunguzii mtu kitu. Huku kwetu kila mmoja analijua hilo bila kusoma Birmingham.

Wapo wazazi na wachungaji watakaosema: basi zimeni mashine, mambo ya bunduki tunayo ya kutosha. Ninawaelewa. Tena si mara ya kwanza kauboi kuwaogopesha wazee wa inchi hii. Katika miaka ya 1950, pale Léopoldville, vijana waliojiita Bills, kwa jina la Buffalo Bill, walivaa na kutembea kama watu wa filamu za Far West, na walitisha mitaa. Lakini kumzimia huyu kijana mashine hakutamtoa lile jibu kichwani. Alilipata nje. Kwenye mchezo alilitumia tu.

Mimi ningemjibu kwa habari ya mtu wa kweli, wa mji uleule wa Abilene. James Butler Hickok, aliyeitwa Wild Bill, ndiye mwenye dueli inayojulikana kuliko zote. Tarehe 21 mwezi wa saba 1865, huko Springfield, Missouri, alisimama na Davis Tutt kwenye uwanja wa mji, mbali kama metre 70 hivi, kwa ugomvi wa deni la karata na saa ya mfukoni. Wote wawili walipiga. Tutt alikosa, Hickok hakukosa. Filamu zimeishi kwa habari hiyo mpaka leo.

Lakini mwaka 1871 Hickok alikuwa mkubwa wa polisi kule Abilene. Usiku wa tarehe 5 mwezi wa kumi, risasi ilisikika mtaani. Alikwenda, akakutana na mcheza kamari mmoja, Phil Coe, wakapigana, akampiga. Papo hapo akaona mtu mwingine mwenye bunduki anakuja mbio. Hakungoja. Aligeuka na kupiga. Yule mtu alikuwa Mike Williams, msaidizi wake mwenyewe, aliyekuwa anakimbia kuja kumwokoa.

Mkono wa haraka kuliko yote ya Marekani, na ukamuua rafiki kwa sababu jicho lilikuwa bado halijafika. Wanaokaa mitaa yetu wanajua vizuri sana kitu hicho: ile risasi ya usiku inayopigwa kabla ya kuuliza "nani huyo?", na asubuhi watu wanakuta ni jirani aliyetoka kwenye matanga, au askari mwenzake. Ninapomwambia kijana angoje, simwombei adui wa kwenye ekra heshima. Ninataka jicho lake lizoee kufika kabla ya mkono, hata kama ni mahali ambapo hakuna anayekufa kweli.

Nilirudi pale siku ya tatu, nikamsimulia habari ya Williams. Alisikiliza, manete mkononi.

"Na walimufunga?"

"Hapana. Mwezi wa kumi na mbili walimwondoa kwenye kazi tu."

"Kama huku," akasema, wenzake wakacheka.

Kisha akaanza dueli. Safari hii aliacha adui achomoe kwanza, duara lilikuwa limetulia juu yake, mkono ulikuwa karibu. Akapigwa, akaanguka. Alinitazama kama vile mimi ndiye niliyempiga. "Umeona, Yaya?" Akabonyeza tena. Mara ya pili akapigwa tena. Mara ya tatu sikuiona, kwa sababu umeme ulikatika.