Wiki ya mafuriko Nebraska: Kihenge kilivyowaponza waliosubiri bei

MKULIMA akishavuna na kuweka mazao ghalani huamini kwamba hatari kubwa imekwisha. Mvua imeshanyesha, wadudu wameshadhibitiwa, kilichobaki ni kusubiri bei ipande. Wiki moja ya Machi 2019 katika jimbo la Nebraska, Marekani, ilionyesha kuwa hesabu hiyo ina tundu.

Nebraska ni jimbo la wakulima na wafugaji. Kwa mahindi liko katika nafasi za juu pamoja na Iowa na Illinois, na ng'ombe wake, zaidi ya milioni 6, ni kama mara tatu ya idadi ya watu. Magharibi ni nyanda za malisho. Maji ya mito yake mikubwa, Niobrara, Loup, Elkhorn na Platte, huishia katika mto Missouri, mpakani upande wa mashariki. Kando ya mito hiyo udongo ni mzuri, na huko ndiko wakulima wengi wamejenga vihenge vya chuma.

Ardhi iliyokataa maji

Machi ni mwezi ambao baridi huanza kuachia na majira ya kuchipua huingia. Mwaka ule baridi ilichelewa kuondoka. Theluji ilikuwa bado juu ya ardhi, udongo chini yake umeganda, na mito imefunikwa na barafu nene.

Machi 13 ikaja dhoruba kubwa. Magharibi ilishusha theluji na upepo mkali, mashariki ikaleta mvua. Mvua yenyewe isingemtisha mkulima wa Rungwe, kwani sehemu nyingi hazikufikisha milimita 100. Lakini udongo ulioganda haunywi maji. Mvua yote, pamoja na theluji iliyoyeyuka, ilikimbilia mitoni kwa mara moja, na barafu ikakatika mapande makubwa yaliyogonga madaraja na kuziba mikondo.

Alfajiri ya Machi 14, bwawa la Spencer katika mto Niobrara, lililojengwa mwaka 1927, lilibomoka. Maji yake huingia Missouri juu ya bwawa la Gavins Point, ambalo halina nafasi kubwa ya kuhifadhi. Wahandisi walilazimika kufungulia maji hadi kufikia takriban mita za ujazo 2,800 kwa sekunde. Huko chini, Elkhorn na Platte nayo ilikuwa imefurika. Matuta ya kuzuia maji yalivunjika, na mji wa Fremont, wenye watu wapatao 26,000, ukawa kisiwa kwa siku kadhaa.

Makadirio ya kwanza ya jimbo yalitaja hasara ya dola milioni 400 kwa mifugo na dola milioni 440 kwa mazao. Kwa mifugo sababu iko wazi: ulikuwa msimu wa kuzaa na ndama wengi walikufa. Barabara zilikatika kiasi kwamba wanajeshi walilazimika kuwadondoshea ng'ombe marobota ya nyasi kwa helikopta.

Mazao yapi, na shamba lilikuwa tupu?

Hapa ndipo penye somo. Mahindi huko hupandwa kuanzia mwishoni mwa Aprili, basi mazao gani yaliharibika Machi? Sehemu ya jibu ni mashamba yaliyofunikwa na mchanga na maji. Sehemu nyingine ni vihenge.

Julai 2018, China iliitoza soya ya Marekani ushuru wa asilimia 25 katika mvutano wao wa kibiashara. Bei ikashuka, na wakulima wengi wakaamua kutouza. Kufikia Machi 1, 2019, akiba ya soya nchini humo ilikuwa kubwa kuliko Machi ya mwaka wowote uliotangulia. Maji yalipoingia, soya ilivimba na kupasua vihenge. Nafaka iliyoguswa na maji ya mafuriko huhesabiwa kuwa imechafuka, hivyo haikufaa kuuzwa kama chakula cha watu wala cha mifugo.

Wengi walikuwa na bima ya mazao. Tatizo ni kwamba bima hiyo hulinda mazao yakiwa shambani, si baada ya kuvunwa na kuwekwa kihengeni. Serikali nayo haikuwa na mpango wa kufidia nafaka iliyohifadhiwa. Sheria iliyotoa fedha kwa hasara hiyo ilisainiwa Juni 6, 2019, karibu miezi mitatu baadaye, wakati mikopo ya msimu mpya haikungoja.

Na bei? Haikuwaokoa. Soko la Chicago halipandi kwa sababu ya bonde moja ikiwa maghala ya nchi nzima yamejaa. Mwishoni mwa Machi bei ya mahindi ilishuka, baada ya takwimu kuonyesha wakulima wamepanga kulima zaidi. Ilipanda Mei na Juni, mvua zilipozidi kuzuia upandaji. Msimu ule ekari milioni 19.4 za mazao mbalimbali hazikupandwa Marekani. Faida ikaenda kwa aliyekuwa na nafaka kavu.

Piga hesabu kabla ya kusubiri

Chukua mfano wa mfanyabiashara mwenye magunia 100 ya mahindi, bei ya leo Sh60,000 kwa gunia, naye anatarajia Sh75,000 baada ya miezi minne. Ongezeko ni Sh1.5 milioni. Akitoa pango la ghala, dawa, upungufu wa uzito na riba, tuseme Sh900,000, anabaki na Sh600,000. Kwa faida hiyo ameweka rehani mali ya Sh6 milioni. Maji yakiingia mara moja, yamekula faida ya misimu kumi.

Sisemi mtu asihifadhi. Kuuza wakati wa mavuno ndiko kunakomnufaisha mlanguzi. Ninachosema ni kwamba kuhifadhi ni biashara yenye hatari zake. Uliza maji yalifika wapi katika mafuriko makubwa kuliko yote wanayoyakumbuka wazee wa eneo lako, na sakafu ya ghala iwe juu ya hapo. Uza sehemu ya mazao mapema, angalau inayotosha kulipa mkopo. Na kama unatumia stakabadhi ghalani, usiridhike na kuambiwa kuwa bima ipo. Omba kuonyeshwa hati yake, na usome kama imetaja mafuriko.

Wakulima wa Nebraska walikuwa na vihenge vya chuma, matrekta na bima. Pengo la bima yao walilijua baada ya maji kupita.